Kidogo tu

"Nenda chumbani ulete daftari lako, uzime taa, kisha uvae viatu tuondoke."

Alitoka mbio. Akarudi amelikumbatia daftari kifuani, miguu mitupu, na nyuma yake taa ya chumbani ingali inawaka. Akasimama mbele yangu akingoja kusifiwa.

Mtoto wa miaka sita akitumwa mambo matatu akakumbuka moja, hiyo si habari. Mzazi mwingine angecheka na kumrudisha. Mimi nilibaki nimesimama na mkoba begani, nikipiga hesabu. Jioni ya jana yake nesi alikuwa amenipigia simu kunipa majibu ya damu: fenilalanini 440.

Hili ni yeye, au ni damu yake?

Swali hilo nililala nalo na kuamka nalo kwa wiki tisa.

## Neno la daktari

Binti yangu alikuwa na siku kumi na moja tulipoitwa. Tone la damu walilomchukua kisiginoni lilikuwa limeonyesha kitu. Daktari alituketisha, mtu mpole, sauti ya chini, akatuambia: "Anayo, lakini ni kidogo tu."

Sikusikia "anayo". Nilisikia "kidogo tu", nikaling'ang'ania neno hilo kama aliyetumbukia kisimani anavyong'ang'ania kamba.

Katika ini kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuibadili fenilalanini, asidi amino iliyomo katika kila chakula chenye protini, iwe tairosini. Mtoto akirithi jeni yenye kasoro kwa baba na kwa mama pia, kimeng'enya hicho huwa dhaifu au hakifanyi kazi kabisa, na fenilalanini hurundikana katika damu. Ugonjwa huo ndio uitwao fenilketonuria. Kasoro za jeni hiyo zilizokwisha kutambuliwa zimepita 1,000, ndiyo maana ugonjwa huu una ngazi nyingi. Damu ya kawaida huwa na chini ya mikromoli 120 kwa lita. Mwenye fenilketonuria kali asipotibiwa hupita 1,200, na ubongo huharibika moja kwa moja. Binti yangu alikuwa kati ya 300 na 350. Kimeng'enya chake kilikuwa kinafanya kazi, ila kwa kuchechemea.

Hakuhitaji lishe maalumu. Tungempima damu mara kwa mara, basi.

Kwa miaka mitano neno lile lilikuwa ngao yangu. Bibi yake alipouliza kama mjukuu wake mgonjwa, nilimjibu: kidogo tu, mama. Kisha mtoto akaanza kula kama watoto wakubwa, na namba zikaanza kupanda: 380, 410, 395, 440. Daktari wa pili, katika kliniki ileile, akasema wakati umefika wa kumpunguzia protini. Yule wa kwanza akashauri tungoje majibu kadhaa zaidi. Amewaona, alisema, watoto wengi wa kiwango hicho waliokua bila lishe wakasoma na kufaulu.

Wote wawili niliwaamini. Hapo ndipo neno lilipoanza kunichoma.

## Kati ya 360 na 600

Nikaenda kusoma miongozo ya matibabu yenyewe.

Ule wa Ulaya, wa 2017, unasema mtoto aliye chini ya 360 aachwe bila matibabu. Aliye kati ya 360 na 600 atibiwe mpaka atimize miaka 12. Baada ya hapo, hadi 600 inavumilika. Ule wa Marekani, wa 2014, unataka anayepita 360 atibiwe, na abaki kati ya 120 na 360 maisha yake yote. Kwa hiyo mtoto mwenye 500, siku anapotimiza miaka 12, upande mmoja wa bahari ameachiwa huru na upande wa pili bado ni mgonjwa.

Ubongo wake ni uleule.

Nilikasirika. Nilidhani wanabahatisha. Hasira ilinipoa niliposoma walikopitia.

Mwaka 1953 Horst Bickel na wenzake huko Birmingham, Uingereza, waliandika habari za mtoto wa kike waliyemtibu kwa lishe yenye fenilalanini kidogo. Aliyewasukuma ni mama wa mtoto, ambaye alikataa kukubali kwamba ugonjwa ukishapewa jina basi kazi imekwisha. Mtoto akaanza kuchangamka, akatambaa. Madaktari wakamrudishia fenilalanini kwenye chakula chake bila kumwambia mama, wapate kuhakikisha, na ndani ya siku chache mtoto akaanza kurudi nyuma mbele ya macho ya mama yake. Sehemu hiyo huwa siwezi kuisoma haraka.

Baadaye Robert Guthrie akabuni kipimo cha tone la damu kwenye karatasi, mwanzoni mwa miaka ya 1960, na watoto wakaanza kutibiwa tangu uchanga. Walikua na akili timamu. Furaha ilikuwa kubwa hata kliniki nyingi zikawaachisha lishe walipofika miaka mitano au sita, kwa imani kwamba ubongo umekwisha kukomaa. Haukuwa umekomaa. Walioachishwa wakaanza kuachwa nyuma na wenzao walioendelea. Mwaka 2000 jopo lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani likatamka kwamba lishe ni ya maisha yote.

Basi hao wanaouweka mstari chini wana sababu. Waliwahi kusema inatosha, na haikutosha.

## Mlango mmoja

Nililotaka kujua mimi ni dogo zaidi: 440 inafanya nini kichwani mwa mtoto anayeongea vizuri, anayesoma, anayeijua njia ya kwenda kwa bibi yake?

Fenilalanini haiingii kwenye ubongo ipendavyo. Mpakani, kati ya damu na ubongo, kuna wabebaji, na wabebaji haohao huzibeba asidi amino nyingine, kama tairosini na triptofani. Mlango ni mmoja. Fenilalanini ikijaa mlangoni, nyingine zinabaki nje zikingoja. Na tairosini ndiyo malighafi ya dopamini, kemikali ambayo seli za ubongo huitumia kupelekeana habari.

Mwaka 1997 mtafiti Adele Diamond na wenzake walitoa utafiti wao juu ya watoto wenye fenilketonuria waliotibiwa mapema bila kukatizwa. Kipimo chao cha akili kilikuwa cha kawaida. Mtu angewatazama angesema hawana neno. Lakini wale ambao fenilalanini yao ilikuwa kati ya 360 na 600 walishindwa na ndugu zao, na hata na wagonjwa wenzao waliokuwa chini ya 360, katika kazi za aina moja: kushika jambo kichwani huku ukijizuia usifanye lile linalokujia kwanza. Maelezo ya Diamond ni kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, hutumia dopamini kwa kasi, kwa hiyo tairosini ikipungua hata kwa kiasi kidogo, hiyo ndiyo inayoona njaa kwanza.

Kushika jambo kichwani. Daftari, taa, viatu.

Ningependa kusema nilifunga kompyuta nikaenda kulala. Nilikaa mpaka alfajiri nikibishana na kurasa. Watoto wale walikuwa na ugonjwa mkali uliodhibitiwa kwa lishe. Wangu ana ugonjwa mwepesi usiotibiwa. Je, 440 ya mtoto ambaye damu yake hupanda na kushuka ni sawa na 440 ya mtoto ambaye damu yake imetulia hapo siku zote? Na mbona wako watoto wenye kiwango chini ya 600 waliofuatiliwa bila kutibiwa, na kipimo chao cha akili kikawa cha kawaida? Lakini kipimo hichohicho ndicho kilichokuwa cha kawaida kwa watoto wa Diamond pia.

Kila nilipopata jibu, lilikuwa na mkia wa swali.

## Usiku na mchana

Mojawapo ya kazi walizopewa watoto wale ni rahisi kuelezwa. Unamwonyesha mtoto picha ya jua, yeye anatakiwa aseme "usiku". Unamwonyesha mwezi na nyota, anatakiwa aseme "mchana". Mdomo unataka kusema kile macho yanachokiona, ubongo uuzuie.

Nilichora kadi kumi na sita.

Nilimwambia ni mchezo. Alicheka kwa zile tatu za kwanza. Kadi ya nne akakosea, akajisahihisha. Ya saba akakosea. Ya tisa pia. Mimi nilikuwa naweka alama kwenye karatasi niliyoificha chini ya meza, na nadhani uso wangu ulibadilika bila mimi kujua, kwa sababu aliacha kutazama kadi akaanza kunitazama mimi.

"Mama, nimekosea wapi?"

Nilimwambia hajakosea. Alijua naongopa. Kadi zilizobaki alizijibu polepole mno, huku akinitazama machoni kabla ya kufungua mdomo, akitafuta jibu kwangu badala ya kwenye picha.

Kesho yake alikuja mtoto wa dada yangu, ambaye damu yake haina tatizo lolote, ana umri uleule. Nikamtolea kadi zilezile. Akakosea nne.

Nilipaswa kufarijika. Sikufarijika, kwa sababu sikujua nne ni nyingi au ni chache, sikujua kama niliwauliza kwa kasi moja, sikujua lolote ambalo mtu anayepima watoto kwa kazi yake analijua. Nilichokijua ni kwamba nimemgeuza mwanangu sampuli, mezani kwake, akiwa na penseli zake za rangi kando.

Kadi nilizichana usiku huo.

## Daftari la safu mbili

Kuchana kadi hakukunizuia kufungua daftari. Upande wa kushoto niliandika majibu ya damu, upande wa kulia niliandika kila alichosahau: kofia, jina la mwalimu mpya, neno alilotumwa kwa baba yake likapotea ukumbini. Mume wangu alinikuta naandika akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia ukweli: natafuta ushahidi.

"Wa kumsaidia au wa kumshtaki?"

Hakusema kwa ubaya. Lakini sikumjibu.

Katika wiki ya sita mtoto alishikwa na homa. Mwili ukiwa na homa huanza kuvunja protini zake wenyewe, na fenilalanini hupanda hata kama mtoto hajala kitu. Jumatatu asubuhi, kabla hajala, nilimchoma kidole, nikajaza damu kwenye duara za kadi ya kipimo, nikaituma maabara. Alhamisi jioni simu ikalia: 480, ya juu kuliko zote. Kufika Jumapili upande wa kulia wa daftari langu ulikuwa umejaa mistari tisa.

Niliikusudia iwe ndiyo hoja yangu kwa madaktari. Nikaketi kuipanga vizuri, siku kwa siku, ili isomeke. Hapo ndipo nilipoona.

Jumatatu, Jumanne na Jumatano, siku ambazo damu yake ilikuwa juu kweli, nilikuwa nimeandika mstari mmoja tu. Mistari minane iliyobaki ilianza Alhamisi usiku, baada ya simu.

Nikarudi nyuma kwenye majibu yote ya miezi hiyo miwili. Hali ileile. Namba kubwa ilifuatwa na siku tatu za usahaulifu, namba ndogo ilifuatwa na siku tatu za amani, na kila mara hesabu ilianzia kwenye simu, si kwenye kidole. Yaani hata ile asubuhi ya viatu ilikuwa ni asubuhi iliyofuata simu.

Daftari halikuwa linampima yeye.

## Watoto walioponywa ugonjwa usiokuwapo

Baada ya hapo nilisoma historia ya pili, ambayo sikuwa naitafuta.

Mwaka 1961 iliripotiwa hali inayoitwa histidinemia. Humo asidi amino nyingine, histidini, hurundikana kwa sababu kimeng'enya chake kimepungua. Miongoni mwa watoto wa kwanza kugunduliwa wengi walikuwa na shida ya kusema au walikuwa wazito wa kujifunza, na kwa kuwa fenilketonuria ilikuwa inajulikana tayari, haikuwa vigumu kuamini kwamba hapa napo kuna sumu ya ubongo. Wako waliowekewa lishe ya kuipunguza histidini. Kisha vipimo vya watoto wachanga vikaanza kuwanasa watoto ambao hakuna aliyewashuku. Ndugu wa wagonjwa nao wakapimwa. Wakafuatiliwa mwaka baada ya mwaka, wakakua kama watoto wengine. Leo inahesabiwa kuwa hali isiyo na madhara kwa karibu wote walio nayo.

Kosa lilikuwa nini? Waliopelekwa kupimwa ndio waliokuwa na shida tangu mwanzo. Watu walitafuta histidini palipokuwa na shida, wakaikuta, wakaona ndiyo iliyoileta shida. Kama mimi na Alhamisi zangu.

Na si habari ya zamani tu. Kuna galaktosemia ya aina ya Duarte, nyepesi, ambamo kimeng'enya kinachoshughulikia sukari ya maziwa hubaki takriban robo. Kwa miaka mingi, katika sehemu fulani za Marekani wazazi waliambiwa wamnyime mtoto maziwa, hata ya mama, mwaka wake wa kwanza; sehemu nyingine waliambiwa wamnyonyeshe bila wasiwasi. Mwaka 2019 ukachapishwa utafiti wa watoto 350 wa miaka 6 hadi 12, 206 wenye hali hiyo na 144 wasio nayo. Ukuaji wao haukuonyesha tofauti, wala haikuonekana kwamba maziwa waliyokunywa au kunyimwa uchangani yaliwabadilisha.

Namfikiria mama aliyeyaacha maziwa yake yakauke, mtoto analia mikononi, kwa ajili ya hatari ambayo haikuwapo. Alifanya alichoambiwa, na aliyemwambia alikuwa anamtakia mema.

Kwa hiyo nina historia mbili, na zote ni za kweli. Katika moja watu walidharau kilicho kidogo, watoto wakalipa. Katika nyingine watu walikiogopa kilicho kidogo, watoto wakalipa tena, kwa namna nyingine. Mtoto wangu amezaliwa katikati yao, na neno la daktari halisemi yuko karibu na ipi. Hilo ndilo lililokuwa likinisumbua wiki zote hizo, kabla sijaweza kulitaja. "Kidogo" ilikuwa inaeleza damu. Mimi nilikuwa nimeisikia kama habari za mtoto.

## Tulichoamua

Tulianza lishe. Si kwa sababu ya viatu.

Nataka hili lieleweke, maana ndugu wengine wamesema nimeogopa. Tulianza kwa sababu namba zake zimepita 360 na kubaki huko, kwa sababu yuko chini ya miaka 12, na kwa sababu ubaya wa fenilalanini, kwa kadiri unavyojulikana, uko kwenye kile kinachokusanyika mwaka kwa mwaka zaidi ya asubuhi moja mbaya. Haba na haba. Yule daktari wa kwanza naye alikubali, baada ya majibu matano mfululizo kuwa juu ya mstari. Uamuzi ulitoka safu ya kushoto ya daftari. Safu ya kulia haikupewa kura.

Tumepunguza nyama, samaki, maziwa, mayai na kunde, tunapima kwa mizani, na anakunywa maziwa maalumu yasiyo na fenilalanini ili protini na tairosini zisimpungukie. Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Bibi yake alisema, "Mwacheni mtoto ale," kisha akajifunza kusoma mizani haraka kuliko sisi sote.

Jambo la pili tuliloamua lilinigharimu zaidi. Tulimpeleka kwa mwanasaikolojia wa watoto, na nikaomba asiambiwe namba za damu mpaka amalize. Alikaa naye asubuhi mbili. Mimi nilingoja nje, bila karatasi. Majibu yalikuja hivi: lugha nzuri kuliko umri wake, kufikiri kama wenzake, na katika kazi za kushika mambo mawili kwa pamoja, "polepole kidogo, lakini ndani ya kawaida".

Kidogo, tena.

Nilimuuliza kama kwenda huko polepole kunatokana na damu. Aliniambia kwamba mtoto mmoja aliyepimwa mara moja hawezi kulijibu swali hilo, na kwamba watoto wengi wasio na ugonjwa wowote wako palepale. Tumrudishe baada ya miaka miwili, na siku hiyo atalinganishwa na yeye mwenyewe. Kwa sasa nimwagize mambo mawili badala ya matatu, na nimtazame usoni ninapomwagiza. Ushauri huo, nilipoutafakari njiani, ungemfaa mtoto yeyote, hata mtoto wa dada yangu.

Majibu mawili ya mwisho yalikuwa 340 na 310. Nafurahi. Nimejizuia nisianze kuona jinsi alivyokuwa mwerevu ghafla wiki hizi, ingawa naona, kila siku naona. Ni jicho lilelile, limegeukia upande wa pili.

Jana ilikuwa Jumatatu. Amekwisha kuwa mkubwa kiasi cha kutaka kubonyeza kidole chake mwenyewe. Mimi nachoma, yeye anakamua, anaelekeza tone katikati ya duara bila kugusa karatasi, na anajua kwamba likitoka nje ya mstari tunarudia. Alijaza duara nne, ulimi nje kwa umakini. Akaipungia kadi upepo ikauke.

"Mama, safari hii itakuwa nyingi au kidogo?"

"Sijui. Watapiga simu Alhamisi."

"Hata wewe hujui?"

"Hata mimi."

Aliridhika na jibu hilo kuliko nilivyotarajia. Akaiweka kadi dirishani, akaenda kuvaa viatu.